Muuguzi wa lokamu kuishi ndani ya gari kati ya Nakuru na Kisumu: Marekani wanawezaje, na hapa je?

#1 · SistaBondeni, Nakuru

Salaam wanajamvi. Mimi ni muuguzi mwenye diploma, nina miaka tisa kazini, na tangu mkataba wangu wa kaunti ulipokwisha ninaishi kwa lokamu, yaani zamu za muda za kujaza nafasi: Nakuru juma hili, Kisumu juma lijalo, na Kericho kila muuguzi wa huko anapokwenda likizo ya uzazi. Zamu moja ya saa kumi na mbili hunilipa shilingi 2,000. Chumba cha wageni ninacholala nikiwa Kisumu, upande wa Kondele, ni shilingi 1,200 kwa usiku, na usiku huohuo nyumba yangu ya Bondeni iko tupu huku kodi yake ikiendelea kuhesabiwa. Yaani kila ninapohudumia wagonjwa Kisumu, zaidi ya nusu ya jasho langu humwendea mwenye kitanda.

Binamu yangu ni muuguzi Marekani. Hana nyumba. Ana Ford Transit aliyoitengeneza ndani ikawa na kitanda, sinki, friji ndogo na paneli za jua juu ya paa. Huchukua mkataba wa majuma 13 katika hospitali moja, na ukiisha hufunga milango na kuendesha hadi jimbo jingine. Ananiambia kwamba kwa miaka miwili ameweka akiba ambayo mimi sijaiweka kwa miaka yote tisa.

Sasa mjomba wangu anaiondoa barabarani matatu yake, Toyota HiAce ya dizeli yenye paa la juu, na yuko tayari kuniachia nimlipe polepole. Kabla sijampa jibu ninauliza kwa dhati: ni kitu gani hasa kinachomwezesha binamu yangu kuishi hivyo na kufaulu? Ni gari, ni mkataba, ni mshahara, au ni usalama wa kule? Na kitu hicho kipo katika barabara yetu hii?

#2 · FundiKibuye, Kisumu

Dada, upande wa gari usikutie hofu. HiAce ndefu yenye paa la juu ina urefu wa mita 5 na zaidi kidogo. Viti kumi na viwili vya nyuma vikishatolewa, unabaki na chumba kinachotosha kitanda cha upande mmoja, kabati, meza ya kukunjwa na mtungi wa maji wa lita 20 chini ya sinki. Kitanda kiwekwe kwa urefu wa gari, kwa sababu upana wa ndani haumtoshi mtu mrefu kujinyoosha. Jambo usiloweza kulipata ni kusimama wima, na mtu asikudanganye kwamba paa la juu litakutosha. Kukata paa na kuliinua ni kazi nyingine kabisa, tena huwa ndiyo mlango wa kwanza wa maji ya mvua.

#3 · MwanaKakamega_Dallas

Salamu kutoka ng'ambo. Mimi ni muuguzi huku na nimefanya kazi hiyo ya kuzunguka kwa mikataba sita, ingawa nililala katika vyumba vya kupanga. Dada, siri ya binamu yako si gari. Ni namna ujira unavyogawanywa.

Wakala wa ajira hulipa sehemu mbili. Ya kwanza ni ujira wa saa, ambao hukatwa kodi ya serikali na mara nyingi huonekana mdogo kuliko ulivyotarajia. Ya pili ni posho ya malazi na chakula, ambayo haikatwi kodi, kwa hoja kwamba muuguzi yuko mbali na kwake na analipia makazi mara mbili. Mtu anayelala ndani ya gari hupokea posho iliyopangwa kwa kodi ya chumba mjini, kisha matumizi yake halisi ya malazi yakawa mafuta na maegesho. Tofauti hiyo ndiyo akiba.

Lakini pana shimo hapo, na ninaomba umfikishie binamu yako. Mamlaka ya kodi ya huku, IRS, hutaka uwe na makazi ya kikodi: mahali pa kudumu unapogharamia kweli na unaporudi. Asiye na makazi hayo huhesabiwa kuwa mtu wa kutangatanga, makazi yake ni popote afanyapo kazi, na posho zake zote hutozwa kodi. Anwani ya sanduku la barua iliyokodiwa South Dakota haitoshi. Ukisema binamu yako hana nyumba, ninaingiwa na wasiwasi juu yake.

#4 · KijanaWaMolo

Mimi ninaona jibu ni jepesi kuliko hilo. Marekani leseni ya uuguzi ni moja kwa nchi nzima, kwa hiyo muuguzi huenda anakotaka. Hapa kila kaunti ni serikali. Tangu afya igatuliwe, muuguzi amefungwa katika kaunti yake kama ng'ombe kwenye kigingi.

#5 · MwanaKakamega_Dallas

#4, umegeuza mambo juu chini, ndugu yangu. Huku kila jimbo lina bodi yake na leseni yake. Kuna mapatano ya majimbo ambayo huruhusu leseni moja kutumika katika majimbo zaidi ya 40, lakini California na New York hazimo, na leseni hiyo hutolewa na jimbo unaloishi kisheria, jambo ambalo humrudisha anayelala garini kwenye swali lilelile la kwake ni wapi. Kenya ndiyo yenye leseni moja: aliyesajiliwa na Baraza la Wauguzi akahuisha leseni yake anaweza kufanya kazi Turkana leo na Migori kesho. Kilichogatuliwa ni ajira na mishahara, katika kaunti zote 47. Usajili haukuguswa.

#6 · KijanaWaMolo

Nimekubali kusahihishwa. Asante.

#7 · MhasibuMilimani, Kisumu

Ninaomba tuweke hesabu mezani, kwa sababu #1 ameuliza kwa nini, na sehemu kubwa ya sababu imo katika kilomita.

Nakuru hadi Kisumu kwa njia ya Kericho ni takriban kilomita 185. Kwenda na kurudi ni 370. HiAce ya dizeli iliyobeba kitanda, betri na maji tuipe kilomita 10 kwa lita, na tuseme dizeli ni shilingi 170. Hizo ni lita 37, yaani shilingi 6,290 kwa safari moja ya kwenda na kurudi. Sasa linganisha na unavyofanya sasa: nauli ya matatu tuseme 700 kwenda na 700 kurudi, pamoja na usiku tatu za chumba kwa 1,200. Jumla ni shilingi 5,000. Kwa hiyo gari lako la kulala, kabla hata hujabadilisha tairi moja wala kulipa bima, litakula shilingi 1,290 zaidi kila juma kuliko kitanda cha Kondele unachokilalamikia.

Binamu yako huwasha injini kwa safari ndefu mara moja katika majuma 13. Wewe utaiwasha kila Jumapili. Ndiyo maana ninasema kwamba posho aliyoieleza #3 ni kweli, lakini kiini ni urefu wa mkataba. Nyumba yenye magurudumu humfaa mtu anayekaa.

#8 · SistaBondeni, Nakuru

Mhasibu, nimeisoma hesabu yako mara tatu na sijapata kosa. Nilikuwa nimehesabu mafuta ya kwenda tu.

Lakini ninauliza: je, nikizikusanya zamu? Msimamizi mmoja wa Kisumu amewahi kuniambia kwamba angefurahi kunipa siku kumi na nne mfululizo kila mwezi kuliko kunipa vipande, kwa sababu kupanga ratiba ya watu wa vipande humsumbua. Mimi ndiye niliyekataa kwa ajili ya gharama ya chumba.

#9 · MhasibuMilimani, Kisumu

Hapo hesabu inabadilika kabisa. Usiku 14 za chumba ni 16,800, pamoja na nauli 18,200. Gari kwa safari moja ni 6,290. Unaokoa shilingi 11,910 kwa mwezi, ambazo zitapunguzwa na bima, matengenezo na deni la mjomba. Lakini angalia ulichokifanya: umejitengenezea mkataba mrefu. Kwa hiyo bado ninasimama pale niliposimama.

#10 · DerevaMstaafu_Ahero

Nimeendesha matatu tangu kabla ya kanuni za mwaka 2004, zile zilizotuletea mistari ya njano, mikanda na vidhibiti mwendo. Ninampongeza binti yetu kwa kuuliza kabla ya kununua, kwa maana wengi huuliza baadaye.

Kwanza, gari lililokuwa la abiria haligeuki kuwa la mtu binafsi kwa kung'oa viti tu. Mstari wa njano ufutwe, leseni ya kubeba abiria isitishwe, na mabadiliko ya matumizi na ya bodi yaandikishwe NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ili kitabu cha umiliki kilingane na gari lilivyo. Ukisimamishwa Awasi na askari akafungua mlango akaona kitanda ndani ya gari ambalo karatasi zake zinasema ni la abiria kumi na wanne, mazungumzo yatakuwa marefu. Bima nayo ni hivyohivyo: gari likiungua na matumizi uliyoyaandika siyo uliyoyafanya, usitegemee kulipwa.

Pili, injini ya HiAce iko chini ya viti vya mbele. Ukifika Kisumu kutoka Nakuru na kupanda kwa Mau kote kule, joto la injini litakuwa chumbani mwako kwa muda mrefu baada ya kuzima. Fika mapema, fungua milango, ukae nje kwanza.

Tatu, matatu iliyostaafu imestaafu kwa sababu. Mwulize mjomba kwa heshima, lakini mpeleke fundi asiyemjua.

#11 · NesiMkongwe, Kakamega

Wanangu, nimesoma yote na ninaona mmesahau jambo moja kubwa. Nilipoanza kazi katika miaka ya 1980, muuguzi hakutafuta chumba. Hospitali ilikuwa na nyumba za wauguzi ndani ya ua wake. Ulihamishwa kutoka Kakamega hadi Kisumu, ulifika jioni na sanduku lako, ukapewa ufunguo, na asubuhi ulitembea dakika tano hadi wodini. Hata pale Russia, hospitali ambayo Wasovieti walitujengea mwaka 1963 na ambayo leo ina jina la Jaramogi Oginga Odinga, kuwa karibu na wagonjwa hakukuwa fadhila. Kulikuwa sehemu ya kazi.

Leo mahali pengi nyumba hizo zimegeuzwa ofisi na stoo, au zimeachwa mpaka mabati yakaota kutu, na wauguzi ni wengi kuliko vyumba vilivyobaki. Kwa hiyo nikimsikia binti anapanga kulala katika matatu ya zamani ili awahi zamu, sioni ubunifu kwanza. Ninaona nyumba iliyoondolewa. Swali si kwa nini Mmarekani anaweza kulala garini, ni kwa nini muuguzi wetu analazimika kulifikiria.

#12 · OgutuWaNyalenda

Mama, heshima zako. Marekebisho kidogo tu: Russia ilifunguliwa mwaka 1969, Oktoba, na Mzee Kenyatta mwenyewe, siku ambayo watu wa Kisumu hawaisahau kwa sababu ya damu iliyomwagika. Mwaka 1963 ni wa uhuru.

#13 · NesiMkongwe, Kakamega

Ni kweli, mwanangu, nimechanganya. Asante.

#14 · ZamuYaUsiku, Kisumu

Mimi nina jibu tofauti na yote yaliyotangulia, na ninaliandika nikiwa nimetoka zamu asubuhi hii. Tatizo la gari la kulala hapa Kisumu si mkataba wala kodi. Ni usingizi wa mchana.

Anayetafuta lokamu hupewa zamu za usiku kwanza, kwa sababu wenye ajira ya kudumu hawazitaki. Maana yake ni kwamba kitanda cha #1 kitatumika kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Gari lililofungwa na kuachwa juani hupanda joto kwa zaidi ya nyuzi 20 ndani ya saa moja, na sehemu kubwa ya kupanda huko hutokea katika nusu saa ya mwanzo. Kisumu mchana ni nyuzi 29 au 30 kivulini. Fanyeni hesabu. Mwili wa binadamu huhitaji kupoa kidogo ili usingizi uingie, na aliyekesha akikosa usingizi wa mchana kwa siku tatu mfululizo hafai kupima dozi ya dawa ya mtoto. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya WHO, liliiweka kazi ya usiku katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani mwaka 2007, na likarudia uamuzi huo mwaka 2019. Usiku wenyewe ni mzigo, tusiongeze tanuri juu yake.

Binamu yake anaweza kuifuata baridi: kiangazi kaskazini, majira ya baridi kusini. Sisi jua letu ni lilelile Januari na Julai.

#15 · FundiKibuye, Kisumu

#14 amesema ukweli, lakini usikate tamaa, #1. Joto linapunguzwa kwa mambo matatu: paa jeupe, bitana ndani ya bodi, na hewa inayotembea. Bitana si lazima iwe ya kuagizwa. Sponji ngumu ya vipande hufanya kazi, na nimewahi kutumia sufu ya kondoo iliyooshwa vizuri, iliyotoka huko kwenu upande wa Molo, ambayo huvumilia unyevu kuliko sponji.

Hewa inahitaji feni, na feni inahitaji umeme. Feni ya volti 12 yenye wati 25 ikizunguka saa kumi hula wati-saa 250. Friji ndogo ya kompresa katika joto letu itakula 450 hivi kwa siku. Taa, simu na kompyuta, weka 150. Jumla ni 850. Betri ya lithiamu ya ampea-saa 100 hubeba kama 1,280, kwa hiyo inatosha siku moja na akiba kidogo. Betri ya asidi ya ukubwa huohuo usiitumie zaidi ya nusu kama unataka idumu, hivyo ungehitaji mbili. Paneli za wati 300 kwa saa tano za jua kali, ukitoa upotevu wa robo, hukupa takriban 1,125. Hapo umepona hata siku ya mawingu kiasi.

#16 · ZamuYaUsiku, Kisumu

Fundi, ninaheshimu kazi yako, lakini umeona ulichoandika? Paneli ziko juu ya paa na zinataka jua. Mimi niliye chini ya paa hilo ninataka kivuli cha mwembe. Gari ni moja. Litaegeshwa wapi?

#17 · FundiKibuye, Kisumu

Hapo umenikamata pabaya. Dawa yake ni paneli zisizofungwa paani: unazitandaza juani kwa waya wa mita kumi, gari likabaki kivulini. Kikwazo ni kwamba paneli iliyolala chini peke yake saa nne asubuhi, mwenyewe akiwa usingizini, inaweza kupata mwenyewe mpya. Labda iwe ndani ya ua wenye mlinzi.

#18 · NyarGem

Neno «mlinzi» ndilo lililonifanya niandike. Nimelala ndani ya gari kwa ajili ya kazi hii, si kwa kupenda. Ilikuwa gari dogo la kaka yangu, katika ua wa kituo kimoja binafsi ambacho sitakitaja, kwa usiku tisa, kwa sababu nilikuwa nimefanya zamu za miezi miwili bila kulipwa na sikuwa na pesa ya chumba. Niliwajua walinzi wote wawili kwa majina. Hata hivyo kila usiku niliamka mara nne au tano kusikiliza hatua. Choo cha wafanyakazi kilifungwa saa nne usiku, kwa hiyo sikunywa maji kuanzia jioni, na siku ya saba nikawa mgonjwa wa njia ya mkojo katika kituo nilichokuja kuhudumia wagonjwa.

Kwa hiyo mnapotaja mikataba, kodi na bitana, ninawaomba muongeze mambo mawili. Mwanamke anayelala garini anahitaji choo kilicho wazi usiku kucha na mtu anayejua kwamba yuko pale na anayejali akichelewa kuamka. Na anahitaji kulipwa kwa wakati. Muuguzi anayezunguka Marekani, kwa nilivyoelewa kwa rafiki zangu walio huko, hulipwa kila juma. Mimi ningelipwa kila juma, nisingelala garini hata siku moja.

#19 · SistaBondeni, Nakuru

Pole sana, dada. Nimekusoma na nimeandika suala la choo juu kabisa ya orodha yangu, juu ya betri.

#20 · KipWaLondiani

Mnazungumzia joto tu, lakini #1 amesema hupitia Kericho pia. Akilala Londiani au Mau Summit usiku wa Julai atatafuta blanketi la tatu. Huku kwetu watu huingiza jiko la makaa ndani likishaiva vizuri, moshi ukiwa umekwisha, wakapata joto hadi asubuhi. Ndani ya gari dogo litapasha haraka sana.

#21 · NesiMkongwe, Kakamega

Hapana, mwanangu, hapana kabisa, na ninamwomba kila anayesoma uzi huu asipite hapa haraka. Makaa yaliyoiva bila moshi ndiyo yanayoua. Hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu huumwa kichwa, husinzia, na hapati nafasi ya kujua kwamba anakufa. Nimewapokea watu wa namna hiyo asubuhi, waliolala katika vyumba vikubwa kuliko gari. Blanketi la tatu, chupa ya maji ya moto, soksi. Jiko libaki nje.

Na meko ya gesi vilevile, sista: upike mlango ukiwa wazi, mtungi ufungwe kila baada ya kupika, na pawe na tundu la hewa sakafuni, kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na hutuama chini.

#22 · KipWaLondiani

Nimesikia, mama. Nitawaambia na wa nyumbani.

#23 · ShemejiWaBusia

Mimi nina swali la ukwe. Sista akitembelewa na wakwe ndani ya gari hilo, ule ugali wa watu sita na kuku mzima vitapikiwa wapi, kwenye dashibodi? Ninamtania tu, yeye ni wa Nakuru atatuelewa. Lakini nyuma ya utani kuna jambo: kwetu mtu mzima huulizwa kwake ni wapi, na jibu la «nimeegesha pale» halitoshi. Marekani labda hawaulizani.

#24 · OgutuWaNyalenda

Shemeji, huo uzito wa boma ninaujua, lakini usiufanye ukuta. Wavuvi wa ziwa letu huhama kutoka pwani hadi pwani wakifuata omena, na akina mama wanaonunua samaki huwafuata, wakiishi miezi kadhaa katika vibanda vya mabati na turubai. Hakuna anayesema hawana kwao. Boma liko palepale, nao wako kazini. Muuguzi anayefuata wagonjwa ana tofauti gani na mvuvi anayefuata samaki?

Ambalo ningelisisitiza mimi ni mbu. Ukanda wa ziwa ndio wenye malaria nyingi kuliko sehemu yoyote ya nchi: uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2020 ulikuta asilimia 19 ya watoto waliopimwa huku wana vimelea, wakati wastani wa nchi ulikuwa 6. Mtoto wa Bondeni hajazoea. Feni na madirisha wazi bila wavu ni mwaliko.

#25 · MwanaKakamega_Dallas

Nimerudi. #23, huku huulizana sana, tena na sheria ndiyo inayouliza. Gari la kulala haliegeshwi popote. Katika ardhi ya umma ya majimbo ya magharibi, inayosimamiwa na BLM, idara ya ardhi ya serikali kuu, kwa kawaida unaruhusiwa siku 14 katika kila siku 28, kisha uhame, na ardhi hiyo mara nyingi iko mbali na hospitali. Baadhi ya maduka ya Walmart huruhusu kulala uani, mengine hukataza, ni juu ya meneja na manispaa. Na tarehe 28 Juni 2024 Mahakama ya Juu ya nchi iliamua, katika kesi ya mji wa Grants Pass wa Oregon, kwamba miji inaweza kuwaadhibu watu kwa kulala mahali pa umma. Wauguzi wengi ninaowajua walioishi garini waliishia kukodi nafasi katika kambi za magari zenye umeme na maji, kwa malipo ya mwezi.

Kwa hiyo ninajisahihisha. Katika #3 nilisema siri ni posho. Ni posho, lakini pia ni hizo kambi. Binamu yako, kila jioni, ana mahali halali pa kuchomeka waya.

#26 · MhasibuMilimani, Kisumu

Na ukiwa na mkataba wa majuma 13, inakulipa kukodi nafasi kwa mwezi. Tunarudi kulekule.

#27 · NyarGem

Tunarudi kwenye kulipwa kwa wakati, kaka. Mkataba mrefu usiolipa ni deni refu.

#28 · NesiMkongwe, Kakamega

Nanyi nyote mmefika kwenye nyumba za wauguzi bila kujua. Mahali halali, umeme, maji, choo, mlinzi, karibu na wodi: hicho tulikuwa nacho.

#29 · SistaBondeni, Nakuru

Nimewasoma wote, na nimechukua uamuzi wa hatua moja tu. Sinunui bado. Mjomba amekubali kuniazima gari kwa siku kumi na nne, bima ikiwa yake na yeye mwenyewe akiliendesha hadi Kisumu na kulirudisha. Nimempigia msimamizi wa hospitali moja ya misheni nje kidogo ya mji, ambayo hunipa zamu. Ua wao una miti mikubwa, mlinzi, na bafu la wafanyakazi ambalo amenihakikishia halifungwi usiku. Hawatanitoza, ila wameomba nisipike ndani, na nimekubali kwa moyo mweupe baada ya #21. Zamu zitakuwa saba za mchana na tano za usiku. Nitaandika joto la ndani saa tatu asubuhi, saa sita na saa tisa, saa nilizolala, na kila shilingi iliyotoka, kisha nitayaleta hapa yote, mazuri na mabaya.

NyarGem, nimempa mlinzi namba ya simu ya mama yangu.

#30 · ZamuYaUsiku, Kisumu

Hiyo ni njia nzuri. Kipimajoto kiweke mahali kichwa chako kinapolala, si kwenye dashibodi wala dirishani, la sivyo utapima jua badala ya kitanda. Na viatu vya wodini viache nje ya mlango ndani ya ndoo yenye kifuniko. Chumba cha mita tatu hakina kona ya kuvificha.

#31 · FundiKibuye, Kisumu

Pitia Kibuye kabla ya kuegesha, asubuhi yoyote isipokuwa Jumapili, maana siku ya soko hutanifikia. Nitakukatia wavu wa madirisha manne na wa mlango wa nyuma, wenye sumaku pembeni ili uutoe bila kung'oa kitu cha mjomba. Njoo na vipimo vya mlango ukiwa wazi.

#32 · SistaBondeni, Nakuru

Nitakuja Jumatatu. Mlango wa nyuma hufunguka kwenda juu, na nimeupima leo jioni: upana ni sentimita 148.